Yalikokwenda Maji ya Chebongi

Boito nzima hapakuwa na mtu aliyeshindwa kutunza habari kama Chepkurui. Habari ikimfikia asubuhi, kabla chai haijachemka ilikuwa imevuka ua, imeteremka bondeni na kupanda ng'ambo, ikibebwa na sauti ambayo kwaya ya kanisa ilikuwa imeiomba mara mbili isimame safu ya nyuma. Hakuwa msengenyaji. Ni kwamba jambo likimshangaza au kumfurahisha, miguu yake ilianza safari kabla kichwa hakijaamua.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, ng'ombe watatu wa maziwa, ekari moja na robo ya chai, na kitalu cha miche ya chai kando ya kijito cha Chebongi. Mumewe, Nicholas, karani wa kupima majani kwenye kituo cha kuuzia chai, alipenda kusema kwamba miche ile ilibembelezwa kuliko alivyowahi kubembelezwa yeye. Naye hakukosea sana. Mche wa chai huanza kama kijiti chenye jani moja, kimechomekwa kwenye tyubu ya nailoni iliyojaa udongo mwekundu. Unataka kivuli, unataka kufunikwa, na zaidi ya yote unataka maji, kidogo kidogo, bila kuruka siku. Ukiusahau siku tatu za jua, jani lile moja linabadilika rangi kama karatasi iliyoungua, na hapo hakuna dawa. Chepkurui alikuwa na miche elfu kumi na mbili. Kila asubuhi aliteka maji Chebongi kwa keni mbili, akapanda, akanyunyiza, akateremka tena, huku akiimba.

Miaka yote hiyo kijito hakikumpa wasiwasi. Hata mwezi wa Januari, jua likiwa limesimama juu ya mashamba ya chai kama askari, maji ya Chebongi yalimfika magotini.

Kisha Chemoiben ikakua.

Chemoiben ilikuwa kilomita tisa tu, upande wa pili wa mlima. Nelvine, binti yao, alipokuwa anaanza shule, Chemoiben ilikuwa safu moja ya maduka, kinu cha kusaga mahindi na mahali pa kuchinjia mbuzi. Ikaja lami. Baada ya lami likaja chuo cha ufundi, na baada ya chuo zikaja nyumba za kupanga: ghorofa mbili, ghorofa tatu, ghorofa nne zenye vioo vya buluu. Zikaja loji, sehemu za kuoshea magari, hospitali ya kibinafsi. Watu waliokuwa na mashamba ya mahindi kando ya barabara waliamka wakiwa na ploti. Na watu wote hao walitaka maji. Kampuni ya maji ikajenga ukuta mdogo wa saruji pale Chebongi inapotokea msituni, juu kabisa ya Boito, ikaingiza maji kwenye bomba, na bomba likazunguka mlima hadi kwenye tangi kubwa juu ya mji. Siku ya kufunguliwa kwake utepe ulikatwa na watu wakala wali. Chepkurui mwenyewe aliimba.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Mwaka wa kwanza maji yalishuka kutoka magotini hadi katikati ya muundi. Mwaka wa pili yakashuka hadi vifundoni. Na Januari ya mwaka wa tatu, asubuhi moja, Chepkurui alizamisha keni yake mahali palepale alipoizamisha kwa miaka kumi na minane, ikagonga mawe. Alisimama akaitazama. Ilikuwa imejaa hadi nusu, na nusu ya hiyo nusu ilikuwa mchanga.

Aliinua macho akamwona jirani yake, Gibson, ng'ambo ya kijito, ameshika kabeji kwa mizizi yake kama mtu aliyeshika sungura aliyekufa.

"Bot Nelvine," Gibson akamwita, yaani Mama Nelvine, "umesoma ile karatasi kwa mlango wa chifu?"

"Karatasi gani?"

"Wanataka kuweka bomba la pili. Kubwa kuliko hili. Mji hauna maji ya kutosha, wanasema. Kuna kikao cha wananchi mwisho wa mwezi, halafu wanaanza kuchimba." Akaitupa ile kabeji. "Mimi sitangoja kikao. Nitapanda huko juu na panga, nikate hilo bomba vipande vipande."

"Ukikata, Nelvine wangu atakunywa nini huko mjini?"

"Kwani saa hii anakunywa nini?"

Gibson alikuwa ameuliza kwa hasira tu, lakini swali lile lilimshika Chepkurui kama mwiba kwenye kanga. Nelvine alifanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo mjini na alipanga chumba kwenye mojawapo ya zile ghorofa. Chepkurui alimpigia simu palepale, amesimama mchangani.

"Maji?" Nelvine akacheka. "Mum, maji ya mfereji tunaona Jumanne, na Ijumaa kama una bahati. Siku zingine nanunua mitungi kwa watu wa mkokoteni. Kwani hujui? Huku kila mtu analia."

Chepkurui alikata simu. Huku kijito kilikuwa kimekauka kwa sababu maji yalikwenda mjini. Na huko mjini mifereji ilikuwa mikavu. Basi maji yenyewe yalikuwa wapi? Mto mzima haupotei njiani kama shilingi kwenye mfuko uliotoboka!

Alipanda nyumbani karibu kwa kukimbia kwenda kumweleza Nicholas.

"Labda bomba linavuja," Nicholas akasema, bila kuacha kupaka kiatu rangi.

"Lingevuja tungeona matope. Watoto wanapita hapo kila siku kwenda shule."

"Basi uende uyatafute," akasema Nicholas, kwa mzaha. Miaka ishirini na sita ya ndoa ilipaswa kuwa imemfundisha kutosema neno kama hilo.

Jumamosi iliyofuata Chepkurui alifunga kibuyu cha mursik, maziwa yake ya mgando, na mboga za saga kwenye kikapu, akaenda kumwona bintiye. Chumba cha Nelvine kilikuwa ghorofa ya tatu. Wakati chai inachemka, Chepkurui alitoka kwenye roshani ndogo ya nyuma, akasukuma pembeni nguo zilizoanikwa, akatazama chini. Upande huu mji uliishia ghafla: mteremko, vichaka vya rangi ya kahawia, mabati ya zizi la mtu. Na chini kabisa, katikati ya ule ukavu wote, kipande cha kijani kibichi kiling'aa mpaka macho yakauma.

"Nelvine! Kule chini ni nini?"

"Wapi? Ah, hizo ni nduma za Mama Kuria. Anauza hapa kwa geti kila wiki. Tamu sana."

"Nduma, zinavyokunywa maji? Januari?"

Chai ilipoiva, hapakuwa na mgeni wa kuinywa. Chepkurui alikuwa ameshafika ngazi ya mwisho.

Mama Kuria, au Muthoni kwa jina lake, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye gamboti za mpira zilizofika magotini. Alikuwa amesimama katikati ya nduma zenye majani mapana kama masikio ya ndovu, maji yakipita miguuni mwake yakicheka. Wazazi wake walikuwa wamehamia Kedowa kutoka Nyeri zamani. Yeye mwenyewe alizaliwa Kedowa na kuuza vitunguu kando ya barabara kwa miaka mingi, hadi akapata cha kununulia kipande kile kwa bei ya chini. Bei ilikuwa ya chini kwa sababu kilikuwa kikavu. Haya yote aliyasema ndani ya dakika kumi, kwa sababu alimwona Chepkurui kuwa mteja na pia kwa sababu alilipenda shamba lake kama mtu apendavyo mtoto aliyechelewa kuzaliwa.

"Wee, watu walinicheka. Walisema Muthoni amenunua mawe. Nikapanda mahindi, yakakauka. Nikapanda tena, yakakauka. Halafu siku moja naja hapa asubuhi, naona maji yanatoka pale kwa ukingo." Alionyesha kwa jembe. Juu yao, chini ya kichaka cha magugu, maji yalikuwa yakibubujika kutoka ardhini, safi, mengi. "Nilipiga magoti. Kweli nakuambia. Pasta akaja akaombea hii chemchemi. Hata siku moja haijakauka, jua liwe, mvua iwe."

Chepkurui alikuwa ameinama, mkono wake umo majini hadi kiwiko.

"Ilianza lini, Mama Kuria?"

"Miaka mitatu sasa. Mwezi wa tatu. Nakumbuka kwa sababu ni wiki ile walikata utepe wa lile tangi huko juu."

Chepkurui aliinua kichwa. Juu ya chemchemi kulikuwa na mteremko, juu ya mteremko ukingo wa mlima, na juu ya ukingo, likiwa limekaa kama kofia, tangi la maji la Chemoiben.

Mtu mwingine angenyamaza, akanunua nduma zake, akaenda kufikiri. Chepkurui aliruka akapiga makofi mawili. "Mama Kuria! Hii si chemchemi! Haya ni maji yangu! Yanamwagika kutoka kwa tangi! Ni Chebongi hii!"

Uso wa Muthoni ulifunga kama mlango.

"Unasema nini?"

"Nasema maji ya kijito chetu yanaletwa huku na bomba, tangi linajaa, yanamwagika, yanapita chini ya ardhi..."

"Mama, sikujui." Muthoni alichomoa jembe matopeni. "Umekuja kwa shamba langu, nimekukaribisha vizuri, sasa unaniita mwizi?"

"Sijasema mwizi!"

"Toka. Tafadhali toka."

Chepkurui alitoka. Akiwa getini aligeuka, akarudi hatua mbili, akaweka pesa za nduma juu ya jiwe pamoja na kipande cha karatasi chenye namba yake ya simu, akaondoka bila hata nduma moja. Aliona aibu. Na chini ya ile aibu, kwa kweli, alikuwa na furaha iliyokaribia kumpasua mbavu.

Siku nne hakupata neno lolote, na kwa ile aibu naye hakumwambia mtu alikokuwa. Siku ya tano, akiwa anakamua, simu ikalia.

"Ni Muthoni," sauti ikasema, kavu. "Umeona meseji ya kampuni ya maji?"

"Mimi sina mfereji. Hawanitumii."

"Wanasema Alhamisi ijayo watafunga bomba kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Wanasafisha huko juu mahali maji yanaingilia. Kama hii ni chemchemi ya Mungu, Alhamisi itatoka kama kawaida. Si ndivyo?"

"Ndivyo, Mama Kuria."

"Na kama ni ya bomba... Weka simu yako chaji. Tutajua."

Alhamisi saa moja unusu Chepkurui alikuwa kijitoni, amechomeka kijiti kwenye mchanga na kukitia alama kwa kisu pale maji yalipofika. Alikuwa amemwita Gibson awe shahidi, naye Gibson alikuja na thermosi ya chai na uso wa mtu asiyeamini kitu. Kilomita tisa kutoka hapo, Muthoni naye alikuwa na kijiti chake.

Saa mbili na nusu hapakuwa na kitu. Saa tatu kasoro kumi Gibson alimimina chai. Alipoinua kikombe, mchanga uliokuwa mkavu mbele ya kiatu chake ulibadilika rangi. Kisha ukang'aa. Kisha jani moja kavu, lililokuwa limelala hapo tangu Krismasi, likainuka taratibu, likazunguka, likaanza safari.

"Aiyee!" Gibson akasimama, chai ikamwagika. "Bot Nelvine! Yanakuja!"

Yalikuja. Yalikuja na povu kidogo, na majani, na harufu ya msitu ambayo Chepkurui alikuwa ameisahau. Yalipita alama kwenye kijiti, yakapita vidole vitatu juu yake, kisha kiganja, kisha yakakiangusha kijiti chenyewe. Chepkurui aliingia majini na viatu vyake, simu sikioni, akipiga kelele hivi kwamba hakuhitaji simu hata kidogo.

"Mama Kuria! Yamepanda! Yamefika kwa muundi! Huko je?"

"Huku bado yanatoka," Muthoni akasema haraka, na kulikuwa na matumaini sautini mwake. "Yanatoka vizuri kabisa."

Saa nne Muthoni alipiga tena. Yalikuwa yamepungua kidogo. Saa nne unusu alisema yanatoka kama ya mfereji. Saa tano alipiga tena. Chepkurui alisikia pumzi tu, na sauti ya kuku mahali fulani.

"Mama Kuria?"

"Yamesimama. Nasikia matone." Kisha: "Miaka mitatu nimekuwa nikitoa ushuhuda kanisani. Nasimama mbele ya watu."

Furaha yote ya Chepkurui ilizimika. Alikuwa amesimama ndani ya maji aliyoyalilia miaka mitatu, Gibson anacheza peke yake ukingoni kama mtu aliyeshinda kura.

"Bado Mungu amekulisha miaka mitatu," akamwambia Muthoni. "Bomba au si bomba."

Muthoni alivuta pua. "Nina kitu kimoja cha kukuomba. Usitaje jina langu. Wala shamba langu. Ile nduma ndiyo inamsomesha Kuria wangu kule Nakuru. Nipe nafasi nifikirie."

"Sitataja."

"Apa."

"Siapi, lakini sitataja."

Saa kumi jioni bomba lilifunguliwa, na Chebongi ikarudi mchangani kama mtu aliyeitwa ndani. Kesho yake asubuhi, tangi lilipokuwa limejaa tena, nduma za Muthoni zilikuwa zikinywa.

Siku sita zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko ukame. Chepkurui aliibeba habari kubwa kuliko zote alizowahi kubeba, na hakuwa na ruhusa ya kuimwaga. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alipalilia chai mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nicholas, ambaye kama Gibson alijua kijito kilivyopanda Alhamisi lakini si Mama Kuria ni nani wala yuko wapi, alimtazama kwa wasiwasi, akamuuliza kama anaumwa.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa hapo Chemoiben. Watu wa mji walijaa upande mmoja na mitungi yao mitupu ya njano, waliyoileta makusudi. Watu wa Boito walijaa upande wa pili. Injinia wa kampuni, kijana mpole aitwaye Okeyo, alionyesha ramani ukutani: mji una watu hawa, baada ya miaka kumi utakuwa na watu hawa, kwa hiyo bomba la pili, kipenyo mara mbili. Watu wa mji wakapiga makofi. Watu wa Boito wakapiga kelele. Gibson akasimama kutaja panga lake, akavutwa shati akakaa.

Chepkurui akainua mkono.

"Injinia, kijana wangu," akaanza, "Alhamisi mlipofunga bomba, kijito chetu kilipanda mpaka hapa." Akaonyesha kwenye mguu. "Kwa hiyo mnachukua maji mengi sana. Lakini hawa wenzetu hapa wana mitungi mitupu. Mimi nakuambia maji mnayo. Yanamwagika kutoka kwa tangi lenu. Usiku na mchana. Yanaenda bonde lingine."

Okeyo akavua miwani.

"Mama, tangi linakaguliwa kila mwezi. Ripoti ninazo. Yanamwagikia wapi?"

Chepkurui alifungua mdomo. Alimwona Nelvine kwenye safu ya tatu akimtazama. Alimwona Gibson akimfanyia ishara za mikono: sema! Aliufunga mdomo.

"Siwezi kusema," akajibu.

"Huwezi?"

"Nimeahidi."

Kicheko kikapita ukumbini, upande wa mji kwanza, kisha hata upande wa Boito. Masikio yalimwaka moto. Kwa mara ya kwanza maishani Chepkurui alitamani kuwa mtu mdogo mwenye sauti ndogo. Okeyo alikuwa ameshavaa miwani yake na kugeukia ramani, mtu wa nyuma aliposema:

"Yanamwagikia kwangu."

Muthoni alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amebadilisha nguo. Gamboti zake ziliacha matope kwenye sakafu ya kanisa kila alipopiga hatua.

"Mnanijua. Mimi ni Mama Kuria wa nduma. Nusu yenu mmekula nduma zangu. Nilisema hapa hapa, kwa hili kanisa, kwamba nilipewa chemchemi. Niliamini. Sasa nimejua ni maji ya hawa watu wa Boito. Huyu mama angesema mbele yenu wote na hakusema, kwa sababu nilimwomba. Mmemcheka bure. Injinia, twende nikuonyeshe. Sasa hivi, kabla sijabadilisha nia."

Walikwenda wote. Hakuna aliyepanga, ukumbi ulimwagika tu barabarani, watu wa mji na mitungi yao, watu wa Boito, mapasta wawili, hata wauza mahindi ya kuchoma waliofikiri kuna harusi. Chepkurui na Muthoni walitangulia, bega kwa bega. Waliona maji yakibubujika kichakani. Okeyo aliyagusa, akatazama juu, akaanza kuupanda mteremko karibu kwa kukimbia, tai yake imemwangukia begani. Kwenye tangi alipanda ngazi ya chuma, akafungua kifuniko, akaingiza kichwa.

Alikaa huko muda mrefu.

"Injinia!" Gibson akapaza sauti. "Umeona samaki?"

Okeyo aliposhuka, mikono ilikuwa na kutu na uso ulikuwa wa mtu aliyekamatwa na mwalimu. Aliwaeleza kwa maneno mepesi, bila kujificha. Ndani ya tangi kuna boya linalotakiwa kupanda na maji na kuufunga mlango wa bomba tangi likijaa, ili maji yasiyohitajika yabaki kijitoni. Mkono wa boya ulikuwa umekatika, pengine tangu wiki ya kwanza. Maji yaliingia bila kukoma, yakajaa, yakatokea kwenye bomba la ziada lililozikwa upande wa nyuma. Na kwa kuwa maji yalishuka yenyewe kutoka msituni, bila pampu wala stima, hapakuwa na bili ya kumshtua mtu.

"Na mifereji yetu?" mwanamke mmoja wa mji akauliza, akigonga mtungi wake. "Kama tangi linafurika, mbona kwangu ni upepo tu?"

"Mabomba ya kutoka hapa kwenda mtaani ni yale ya zamani, mama, ya wakati mji ulikuwa barabara moja," Okeyo akasema. "Ni membamba. Hata tuweke mito miwili juu, chini kutafika kilekile." Akalitazama tangi, kana kwamba ndiyo kwanza anajisikia. "Bomba la pili halitasaidia mtu yeyote. Tulikuwa tunaenda kuchimba upande usiofaa. Na ripoti za ukaguzi nilizisaini mimi. Ngazi hii ndiyo mara ya kwanza kuipanda."

Kisha watu wa mji na watu wa Boito wakaanza kusema kwa pamoja, na ajabu ni kwamba walikuwa wanasema kitu kimoja.

Boya jipya liliwekwa siku tisa baadaye. Mpango wa bomba la pili uliahirishwa, na uchimbaji ulioanza Aprili ulikuwa wa kubadilisha yale mabomba membamba ya mitaani. Nelvine alimpigia mama yake ili tu amsikilizishe mfereji ukimwaga siku ya Jumapili. Chebongi haikurudi magotini, na Chepkurui hakujidanganya kwamba itarudi. Mji ulikuwepo na ulikuwa na kiu halali. Lakini ilipanda hadi katikati ya muundi na ikakaa hapo, na Okeyo alitoboa tundu chini ya ule ukuta wa saruji ili maji kiasi fulani yapite kwenda Boito kila saa, hata mji ulie vipi. Chepkurui alipoteza miche elfu tatu msimu ule. Elfu tisa ilisimama.

Na Muthoni? Chemchemi yake ilikauka asubuhi ileile boya lilipowekwa. Wiki hiyohiyo Chepkurui alishuka kutoka kwenye pikipiki ya Gibson mbele ya geti lake, amekumbatia mzigo mkubwa kuliko yeye: karatasi kuukuu za nailoni za kufunikia kitalu, miaka mitatu ya karatasi.

"Hizo ni za nini?" Muthoni akauliza.

"Unachimba mtaro, hivi." Chepkurui alikuwa ameshachukua jembe la mwenyewe. "Unatandika nailoni chini, unarudisha udongo na mbolea, unapanda nduma. Mvua ikinyesha maji hayaendi popote. Nimeona mtu akifanya hivyo Chepilat, hana mto wala chemchemi, na nduma zake ni kama mguu wa mtoto."

"Chepilat kuna mvua kuliko hapa."

"Basi chimba mtaro mrefu zaidi!"

Walibishana kuhusu kina, walibishana kuhusu umbali kati ya mashimo, walibishana kama mbolea ya ng'ombe wa Chepkurui ni bora kuliko ya mbuzi wa Muthoni. Gibson alichimba huku wanabishana, kwa sababu mtu lazima achimbe. Ilipofika saa tisa walikuwa na mitaro sita, na mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya mlima, meusi, mazito. Tone la kwanza lilianguka kwenye nailoni likapiga kama kidole kwenye ngoma. Gibson alikimbilia chini ya mabati ya zizi na kuwaita. Wanawake wale wawili hawakwenda. Walichuchumaa kwenye ukingo wa mtaro wa kwanza, leso moja juu ya vichwa viwili, wakitazama maji yakijaa na kutulia, Chepkurui akieleza kwa sauti kubwa kila kitu ambacho wote wawili walikuwa wanakiona.